Kuchapa Picha kwa Jua na Maji

Elimu ya Watu Wazima kwa Redio. Mfululizo wa Kazi za Mikono, Somo la Saba

Walio na karatasi na kalamu wakae nazo karibu, maana leo ziko hesabu chache ambazo zikikosewa kazi yote huharibika.

Somo la leo limetokana na barua. Bibi mmoja wa Tanga ametuandikia kwamba marehemu babu yake alikuwa mpiga picha, mwenye kamera ile kubwa ya mbao isimamayo juu ya miguu mitatu, na mpigaji hujifunika kitambaa cheusi kichwani. Mzee alipofariki aliacha sanduku la negativu, nyingine za kioo, nyingine za filamu, kila moja ukubwa wa kiganja au zaidi. Katika sanduku hilo imo sura ya bibi yake mzaa mama, naye hana picha ya karatasi popote; iliyokuwako ililowa mvua ikaharibika. Anasema, "Nikiiinua negativu dirishani namwona bibi, lakini uso ni mweusi na nywele ni nyeupe, watoto wanamwogopa." Anauliza kama iko njia ya kuitoa picha hiyo nyumbani, bila chumba cha giza, na bila kukisafirisha kioo kwa basi kwenda mji mwingine. Kioo kimoja kilikwisha vunjika njiani.

Njia iko, Bibi. Ina zaidi ya miaka 180, na huitwa sayanotaipu. Picha yake ni ya buluu iliyoiva, kama rangi ya nili, juu ya karatasi nyeupe. Haitaki umeme wala mashine. Yataka dawa mbili, karatasi nzuri, jua letu hili, na maji. Watu wengi hudhani jua ndilo lenye taabu. Kwa kweli picha nyingi hupotea katika maji, na huko ndiko nitakakokaa sana leo.

Kwanza tuelewane juu ya negativu. Negativu ni picha iliyogeuka. Palipokuwa na mwanga mwingi, kama kanzu nyeupe, kwenye negativu pamekuwa peusi. Palipokuwa na giza, kama nywele, pamebaki wazi na mwanga wapenya. Sasa chukua karatasi iliyopakwa dawa igeukayo buluu inapopigwa na jua. Ilaze negativu juu yake, uviweke juani pamoja. Mwanga utapita mahali pa nywele, karatasi igeuke buluu. Mahali pa kanzu utazuiwa, karatasi ibaki nyeupe. Basi kilichogeuzwa kimegeuzwa tena, na bibi amerudi kuwa bibi.

Kwa kuwa negativu hulala juu ya karatasi, picha itakayotoka huwa sawasawa na negativu kwa ukubwa. Negativu ya kamera ndogo, upana wake milimita 36, itakupa picha kubwa kidogo kuliko stempu. Wala huwezi kuikuza kwa mashine ya kawaida ya kukuzia picha, kwa sababu dawa hii ni nzito wa kuona, na taa ya mashine hiyo ni dhaifu mno kwake. Yenyewe huitika hasa miale ile ya jua isiyoonekana kwa macho, iunguzayo ngozi. Ndiyo maana negativu kubwa, za inchi 4 kwa 5, 5 kwa 7, au 8 kwa 10, ambazo wengi huziona mzigo wa kizamani, hapa ni mali. Asiye nazo aweza kumwomba mtu mwenye kompyuta amgeuzie picha na kuichapa juu ya plastiki inayong'aa, nayo hufaa. Lakini negativu ya kamera kubwa ina mambo madogo madogo, kama nyuzi za shuka na mikunjo ya kope, ambayo plastiki haijayafikia.

Aliyeivumbua njia hii ni Mwingereza, Sir John Herschel, mwaka 1842. Kazi aliyojulikana nayo zaidi ni elimu ya nyota. Tangu 1834 mpaka 1838 alikaa karibu na Cape Town, Afrika ya Kusini, akizihesabu nyota za anga la kusini. Aliporudi kwao akashika kuchunguza jinsi mwanga wa jua unavyozigeuza dawa mbalimbali, na katika kuchunguza huko akaipata hii buluu. Hata kuliita jambo hili negativu tumejifunza kwake. Mwaka uliofuata, 1843, bibi mmoja aitwaye Anna Atkins akaanza kutoa kitabu cha mwani wa Uingereza, kila ukurasa umechapwa kwa njia hii. Hakutumia kamera. Aliulaza mwani mkavu juu ya karatasi, akauacha juani, na umbo la mwani likabaki jeupe katika buluu. Kazi hiyo aliifanya miaka kumi. Watu wa pwani wanaoujua mwani wataona mara moja kwamba rangi aliichagua vizuri.

Baadaye wahandisi wakaipenda njia hii kwa kunakili ramani za majengo, za madaraja na za reli, zile ramani kubwa za mistari myeupe juu ya buluu, mpaka zikaja karatasi za kunakili zenye kunuka amonia zikaziondoa mezani. Basi tusiseme ni mchezo wa watoto. Nyumba nyingi zilisimamishwa kwa karatasi hizi.

Sasa dawa. Ya kwanza huitwa amonia feriki sitrati. Chagua ile ya rangi ya kijani. Ya pili huitwa potasiamu ferisianidi, nayo ni chenga nyekundu mfano wa vipande vya kioo. Huuzwa na wauzao vifaa vya maabara za shule. Pima gramu 25 za ile ya kwanza, uziyeyushe katika maji sentimita 100 za ujazo. Pima gramu 10 za ile ya pili, uziyeyushe katika maji mengine, nayo sentimita 100 za ujazo. Nitarudia kwa ajili ya wanaoandika: ya kijani gramu 25, nyekundu gramu 10, kila moja katika maji yake ya 100. Usipime kwa kijiko cha chai. Mwombe sonara akupimie, mizani yake ni ya kweli. Maji yawe ya mvua yaliyochujwa, au yale yaliyovukizwa yauzwayo madukani. Tia kila dawa katika chupa yake ya rangi ya kahawia, ubandike jina, uiweke mbali na watoto. Ile ya kijani ikikaa sana huota ukungu juu. Ichuje kwa kitambaa, itatumika.

Neno sianidi limewatisha wengi, na si vibaya kutishika kidogo. Dawa hii nyekundu yenyewe haina sumu kali ikitumiwa kama tulivyosema, lakini usiipashe moto wala usiichanganye na asidi kali, kama ile ya betri ya gari, maana hapo hutoa hewa ya kuua. Vyombo ulivyovitumia visirudi jikoni tena. Vaa mipira ya mikono ukiipata. Na usifanye kazi hii huku unakula mhogo.

Unapotaka kuchapa, changanya dawa hizo mbili, kiasi sawa kwa sawa, kwa hesabu ya kazi ya siku ile tu, kwa sababu zikishachanganywa hazikai. Karatasi ya inchi 8 kwa 10 haimezi zaidi ya sentimita 3 za ujazo, basi chupa zako mbili zatosha karatasi hamsini na zaidi. Paka ndani ya nyumba, madirisha yamefungwa, kwa taa hafifu ya manjano. Hapana haja ya giza totoro. Tumia burashi laini isiyo na bati, kwa sababu bati likipata kutu huacha madoa ya buluu. Paka kwa urefu, kisha kwa upana, haraka, mpaka maji maji yasionekane yakisimama. Rangi ni ya manjano ielekeayo kijani. Kisha itundike karatasi kabatini ikauke.

Karatasi yenyewe iwe nzito, ya aina watumiayo wachoraji wa rangi za maji. Siku hizi karatasi nyingi hutiwa chokaa ndani ili zisiharibike upesi. Kwa vitabu ni jambo jema. Kwa kazi yetu ni adui, na sababu yake nitaieleza tufikapo kwenye maji. Nunua aina mbili au tatu, moja moja, uzijaribu kabla ya kununua nyingi.

Sasa, kabla ya kuigusa negativu ya bibi, yako mambo matatu.

La kwanza, ipige picha kwa simu hali imeegemezwa dirishani, ili likitokea la kutokea isipotee yote.

La pili, tazama kama ni kioo au filamu. Kioo hakina hatari ila kuvunjika. Filamu za zamani, hasa zilizotengenezwa kabla ya 1951, huenda zikawa za naitrati, na naitrati hushika moto upesi kupita karatasi. Pengine pembeni mwa filamu huwa pamechapwa neno la Kiingereza lenye maana ya usalama, SAFETY. Hiyo si naitrati. Isiyo na neno hilo, na hasa ikiwa imekuwa ya manjano, inanata, au inatoa harufu kali, usiiweke juani hata dakika moja. Iweke mahali pa baridi penye hewa, mbali na moto, umtafute mjuzi wa makumbusho au wa nyaraka.

La tatu, usianze na bibi. Katika sanduku la mpiga picha hazikosi negativu za watu wasiojulikana, au zilizochafuka. Jifunze kwa hizo.

Ilaze negativu juu ya karatasi iliyokauka. Nasema iliyokauka, ukiona ubaridi unapoigusa kwa mgongo wa mkono, bado. Karatasi yenye unyevu hushikamana na negativu, dawa ikaingia ndani, na doa hilo halitoki maisha. Kwa usalama zaidi tia katikati plastiki nyembamba sana inayong'aa. Picha itapoteza ukali kidogo, lakini negativu imehifadhiwa. Upande wa negativu usiong'aa, wenye picha, uelekee karatasi, ama sivyo bibi atatoka kipini chake kimehamia pua ya upande wa pili. Juu yake weka kioo safi cha dirisha, chini ubao, ubane kwa vibanio vya nguo. Mafundi hutumia fremu yenye mgongo wa vipande viwili, ili waweze kufungua kipande kimoja na kuchungulia bila picha kuteleza. Hiyo ni bora.

Toka nje. Jua la saa sita mchana kwetu lina nguvu, na negativu nyepesi huweza kutosheka kwa dakika 5, nzito ikataka 20 na zaidi. Siwezi kukupa saa kamili, kwa kuwa kila negativu ina unene wake na kila siku ina mawingu yake. Kata vipande vidogo vya karatasi ile ile iliyopakwa, ufanye majaribio ya dakika 5, ya 10 na ya 15. Negativu iliyo dhaifu, ambayo weusi wake ni kama moshi tu, itatoa picha ya buluu tupu isiyo na nyeupe. Dawa hii hupenda negativu yenye weusi mzito na weupe wa wazi. Kwa bahati wazee wetu wengi walizikoleza negativu zao, na zilizowashinda wachapaji wa karatasi za kawaida huweza kukaa vizuri hapa.

Chungulia. Karatasi itatoka manjano, iwe ya kijani, iwe buluu, na mwishowe mahali penye giza kabisa patageuka rangi ya kijivu kama shaba iliyochakaa. Mwanafunzi akiona buluu imekuja husema, "Imeiva," akaitoa, na yote huondoka na maji. Ngoja mpaka ile kijivu ionekane katika nywele, na uso uwe umepita kiasi unachokitaka. Picha isiyokuchukiza kidogo ikiwa katika fremu haijatosha.

Sasa twaja kwenye maji.

Hapo juani kumetokea nini? Dawa ya kijani ina chuma cha hali moja. Mwanga umekigeuza kiwe cha hali nyingine, na chuma hicho kipya kimeungana na dawa nyekundu kikafanya buluu isiyoyeyuka katika maji. Mahali palipozuiwa na negativu dawa haikugeuka, nayo bado huyeyuka. Kazi ya maji ni kuiondoa dawa isiyogeuka. Isipoondoka yote, siku moja picha ikiwa ukutani sehemu nyeupe nazo zitageuka buluu, na uso utazama.

Tena buluu hii ina adui mmoja mkubwa, nayo ni magadi na kila kitu cha jamii yake: sabuni ya kufulia, chokaa, majivu. Magadi huivunja buluu ikarudi kuwa rangi ya kutu hafifu. Nitawaambia yaliyonipata mimi. Picha yangu ya kwanza iliyotoka vizuri ilikuwa ya shangazi yangu. Niliiosha katika beseni lililofuliwa nguo asubuhi, na sikulisuuza sawasawa. Buluu ikaja, nzuri ajabu, nikawaita watu waje waone. Mpaka walipofika, shangazi alikuwa amekwisha kuwa manjano, hana macho. Wakauliza, "Iko wapi hiyo picha?" Negativu ilikuwa salama, nikachapa nyingine kesho yake. Lakini toka siku hiyo beseni langu la picha halifuliwi nguo, na nguo hazijui liliko.

Wengine hawana kosa la beseni. Maji yao yenyewe ndiyo yenye magadi. Walioko Bonde la Ufa, na sehemu nyingi ambako maji ya visima hukataa kutoa povu la sabuni au yana ladha ya magadi, wataona picha zao zinapauka katika kuosha bila kujua sababu. Dawa yake ni rahisi. Katika maji ya kwanza kamulia ndimu, au tia vijiko viwili vya siki kwa kila lita. Uchachu huo mdogo hauna hatari, nao huilinda buluu. Kinga maji ya mvua ukiweza, uyaweke kwa kazi hii.

Iingize picha kifudifudi, uitikise polepole dakika moja, kisha igeuze. Utaona maji yanakuwa manjano. Yamwage, tia mengine. Endelea dakika 10 mpaka 15, mpaka maji yatoke kama yalivyoingia na nyeupe iwe nyeupe kweli. Usiiache kutwa nzima, kwa maana kuosha kupita kiasi nako huichukua buluu. Usiisugue kwa kidole.

Ikitoka majini rangi yake ni hafifu, na wengi huvunjika moyo. Itundike ikauke kivulini. Hewa yenyewe huikoleza, na kesho yake utakuta buluu imeiva. Asiye na subira anunue dukani dawa ile ya kuoshea vidonda yenye kutoa povu, haidrojeni peroksaidi, atie matone machache katika maji ya mwisho; buluu itakolea mbele ya macho yake. Haiongezi kitu ambacho hewa isingeleta, ila watoto hufurahi kuona.

Kwa asiyependa bibi wa buluu, picha iliyokauka yaweza kulowekwa katika chai kali ya rangi, bila maziwa bila sukari, ikawa nyeusi nyeusi. Nyeupe nazo huchukua rangi ya chai. Mimi siipendi, lakini ni shauri la mwenye picha.

Katika kuitunza, usiibandike kwa gundi ya unga wa chokaa wala kuitundika ukuta uliopakwa chokaa mbichi. Sababu mmekwisha kuijua. Wala usiiweke penye jua la kila siku, itapauka. Ikipauka kwa jua usiitupe. Ifungie kabatini gizani siku kadhaa, na buluu itarudi, jambo ambalo picha nyingine hazilifanyi.

Basi, Bibi wa Tanga, umeuliza pia kama jamaa zako wote wataweza kupata kila mtu yake. Negativu haipungui kwa kuchapwa. Jamaa wakiwa kumi, mchapie kila mmoja yake, mradi kila mara karatasi iwe kavu na kioo cha babu kishikwe kwa kingo zake. Na kila picha ikikauka, andika nyuma yake kwa penseli, si kwa wino, jina la bibi, jina la babu aliyempiga, na mahali, maana negativu zile za watu wasiojulikana, ambazo nimekuambia uzifanyie majaribio, nao walikuwa bibi za watu.

Juma lijalo tutaeleza namna ya kuitengeneza ile fremu ya mgongo wa vipande viwili kwa mbao na bawaba. Aliye na kipande cha kioo kilichobaki dirishani asikitupe. Kwa herini.